Mama yuko delta ya Rufiji, kliniki iko Dar: nimlete mjini?

Swali: Shikamoo Daktari. Naishi Mbagala Kizuiani. Mama yangu ana miaka 74, yuko kijijini kwetu kwenye delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, anakaa na wajukuu wawili. Ana presha na sukari. Mwaka jana alianguka akapoteza fahamu, tukamleta Dar, akalazwa siku sita, akaruhusiwa na dawa za mwezi mmoja na kadi ya kliniki. Kliniki hajahudhuria hata mara moja, dawa namtumia nikipata mtu anayekwenda. Mwezi uliopita ameanguka tena, tunashukuru hakuvunjika. Kaka zangu wanasema ahamie kwangu. Yeye hataki hata kusikia. Nimlete kwa nguvu? Na akibaki, atatibiwaje huko ambako hata boti inasubiri maji?

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mama, na pole kwa usiku ule uliopigiwa simu uko Mbagala na huna la kufanya.

Nianze na jibu, maana najua kaka zako wanakusubiri. Usimhamishe kwa nguvu. Mlete Dar mara moja, kwa wiki mbili zilizopangwa, kisha mrudishe kwake pamoja na matibabu yake. Hilo la mwisho ndilo lililokosekana mwaka jana: mama alirudi kijijini, matibabu yakabaki mjini.

Huduma zetu zimepangwa kwa ngazi. Kuna zahanati ya kijiji, kituo cha afya cha kata, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, halafu za kanda na Muhimbili. Mgonjwa akizidiwa anapandishwa kwa barua. Akipona kiasi anaruhusiwa, anapewa kadi ya kliniki ya kule kule juu, na basi. Ni nadra sana mtu akae amwandikie mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini: bibi huyu anarudi kwako, dawa zake ni hizi, mpime kila mwezi, ukiona hivi nipigie. Rufaa yetu inajua kupanda, haijui kushuka. Kwa mtu wa Temeke huo ni usumbufu wa daladala mbili. Kwa mtu wa delta ni sawa na kukatiwa matibabu.

Nilifanya kazi kusini mwa mkoa wa Pwani miaka 9 kabla ya kuhamia hapa Dar, na gati la Nyamisati, zinakofikia boti za delta, nalijua kwa jua na kwa mvua. Siku za bamvua, zile ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakipwa yanapwa kweli kweli, mkondo unakauka na boti inalala kwenye tope katikati ya mikoko mpaka yarudi. Ukifika Nyamisati bado kuna kilomita 40 na kitu hadi Bungu, ndipo ukamate lami ya kuja Mbagala Rangi Tatu. Na hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani ni Tumbi, iko Kibaha, kwa hiyo mtu wa delta anayefuata rufaa ya mkoa wake anaivuka Dar es Salaam yote ndipo aishike barabara ya Morogoro. Siku moja nilikaa gatini na mzee aliyekuwa na tarehe ya kliniki Jumanne. Boti yao ilikuwa imetoka Jumanne jioni, baada ya maji kujaa. Alikuwa ameishika kadi yake ndani ya mfuko wa nailoni, ameikunja mara nne isilowe, ananiuliza kama watampokea Jumatano. Hawakumpokea. Aliambiwa siku yake imepita, arudi mwezi ujao. Tangu siku ile sijawahi kuandika tarehe ya kliniki ya mtu wa visiwa vya delta bila kumuuliza kwanza maji ya wiki hiyo yakoje.

Sasa mama anahitaji nini hasa? Kwa uliyonieleza, kazi ya bingwa ni ndogo. Presha na sukari zinataka vidonge kila siku bila kuruka, kipimo angalau kila mwezi, mtu wa kumtazama nyayo, na mtu mmoja mwenye ujuzi wa kuamua dawa iongezwe au ipunguzwe. Hayo yote yanawezekana zahanati, endapo zahanati imeambiwa na dawa zipo.

Lakini kuanguka mara mbili kunanisumbua, na hapa nitakaa kidogo.

Nikiwa kijiji kimoja cha huko huko delta, bibi mmoja alinitolea kopo la maziwa ya unga lenye dawa zake. Nilizimwaga kwenye mkeka. Kulikuwa na paketi tatu za rangi tofauti, kila moja imetumwa na mtoto wake mwingine: mmoja yuko Tandika, mmoja Mtwara, mmoja Zanzibar. Zote tatu zilikuwa amlodipini, dawa ile ile ya presha, viwanda tofauti na majina tofauti. Siku akijisikia vibaya alikuwa anakunywa zote tatu. Siku akijisikia vizuri alikuwa hanywi hata moja, kwani kwake dawa ni ya ugonjwa na siku hiyo haumwi. Chini kabisa ya kopo kulikuwa na diklofenaki alizonunuliwa dukani kwa ajili ya magoti. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vifundoni, na majirani walishamwambia figo zimekufa. Amlodipini ikizidi huvimbisha miguu. Diklofenaki nayo hupandisha presha na kuzichosha figo za mzee. Watoto wale watatu wote walikuwa wanampenda mama yao, wote walikuwa wanatuma, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anatuma nini.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, leo jioni mpigie mjukuu mkubwa. Amwombe bibi atoe kila dawa aliyonayo ndani, hata ya mitishamba, azipange kwenye mkeka mchana kweupe, azipige picha majina yakisomeka, akutumie. Kama simu yake haipigi picha azisome herufi kwa herufi, nawe uandike. Nakuhakikishia utakuta jambo.

Nina mambo manne ninayoyashuku kwa mzee mwenye presha na sukari anayeanguka. La kwanza ni presha kushuka ghafla anaposimama. Akae dakika tano, apimwe, asimame, apimwe tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa huenda zimezidi, au hanywi maji ya kutosha. Wazee wengi wanaogopa kunywa maji jioni kwa sababu choo kiko nje. La pili ni sukari kushuka. Kama kati ya vidonge vyake vya sukari kuna glibenklamaidi, nataka daktari aitazame upya, kwani kwa mtu wa umri wake anayekula mlo mmoja na nusu kwa siku, dawa hiyo inaweza kuiteremsha sukari mpaka akazirai. Na kwenu ni watu wa kufunga. Muulize mama Ramadhani iliyopita alifunga vipi na dawa alikunywa saa ngapi, kwani nimeona wengi wakimeza vidonge vya asubuhi alfajiri kwenye daku, wakashinda navyo mpaka magharibi bila kitu tumboni. Swaumu ya mgonjwa wa sukari inapangwa na daktari mapema, na mashehe wengi ninaowajua wako upande wetu katika hili. La tatu ni macho. Mtoto wa jicho unatibika kwa upasuaji mfupi, na mzee anayeona ukungu hujikwaa kwenye kizingiti cha nyumba aliyoishi miaka 40. La nne ni mambo ya nyumbani tu, kama giza la usiku, kandambili zilizokwisha, na njia ya chooni isiyo na cha kushika. Taa ndogo ya sola na fito mbili za mikoko zilizochimbiwa kando ya njia ni matibabu halali kabisa.

Kwa wiki mbili za Dar, chagua kipindi kisicho cha masika, na boti mpange kufuatana na maji. Mpeleke hospitali moja tu na ubaki hapo hapo, usizunguke naye. Omba apimwe presha akikaa na akisimama, wastani wa sukari wa miezi mitatu, figo, moyo kwa mashine ya umeme wa moyo, macho, na miguu. Peleka picha zile za dawa. Omba daktari apunguze idadi ya vidonge kadiri inavyowezekana na achague vile vinavyopatikana wilayani kwenu, kwani kidonge kizuri kinachopatikana Kariakoo pekee kwa mama hakifai. Siku ya mwisho, usitoke bila barua. Sema hivi: "Daktari, naomba barua ya kumrudisha mama zahanati ya kijijini." Iwe na ugonjwa, dawa na vipimo vyake, presha na sukari mnayolenga, na namba ya simu ya kliniki. Ukurasa mmoja unatosha. Madaktari wengi hawaandiki kwa sababu hakuna anayewaomba. Ukiomba, wengi wataandika.

Barua hiyo mkabidhi mganga mfawidhi mkononi, ukiweza uende mwenyewe, naye muulize kwa upole: dawa hizi unazo? Orodha ya taifa ya dawa muhimu inagawa dawa kwa ngazi ya kituo, kwa hiyo baadhi za presha na sukari huenda akakuambia zinaanzia kituo cha afya au hospitali. Hapo mnakubaliana apate wapi na kwa siku zipi. Kama ni dawa ya ngazi yake ila imekwisha, ujue zipo njia. Zahanati huagiza Bohari ya Dawa, ile yenye makao yake Keko, na Bohari ikikosa kuna utaratibu wa mshitiri, ulioanza kwa majaribio Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchi nzima 2018, ambao unakiruhusu kituo kununua kwa muuzaji aliyeteuliwa na mkoa. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na matumizi yake yanapangwa na kamati ya usimamizi wa kituo ambayo ndani yake wamo wananchi. Hapa ndipo ninapowaomba watu wa vijijini waamke. Kamati nyingi nilizokaa nazo zilijadili uzio, tangi la maji na kitanda cha kujifungulia, mambo ya msingi yote, ila sikumbuki nyingi zilizouliza wazee wangapi wa kijiji wanatumia dawa za kila siku na mwezi huu zinahitajika paketi ngapi. Mganga akiwa na idadi anaweza kuagiza. Bila idadi anakisia, na akikisia wazee ndio wanaokosa. Baraza la wazee la kijiji linaweza kuiandaa orodha hiyo kwenye daftari ndani ya wiki moja.

Kuhusu malipo: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo. Utaratibu unaanzia kwa mtendaji wa kijiji na kumalizikia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anayetoa kitambulisho cha matibabu. Hakikisha jina la kwenye kitambulisho hicho linafanana herufi kwa herufi na la kitambulisho cha taifa. Shangazi yangu mwenyewe aliwahi kurudishwa dirishani kwenye kituo kimoja kwa sababu ya "h" moja kwenye jina lake. Juu ya dirisha lile palikuwa na bango la kuwapisha wazee. Uliza pia halmashauri utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa 2023, umefikia wapi kwa kaya za kwenu.

Nunua mashine ya kupima presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko, siyo ya kifundo cha mkono, pamoja na betri za akiba. Mjukuu afundishwe: bibi akae ameegemea, miguu chini, asiongee, dakika tano, ndipo apimwe. Aandike kwenye daftari tarehe na namba mbili. Mara mbili kwa wiki inatosha, kila siku itamtia mama hofu. Jumapili akusomee, nawe usiwe na haraka ya kukata simu. Ikizidi 140 kwa 90 mara kadhaa mfululizo, mganga aambiwe. Ikifika 180 kwa 120, apumzike dakika tano apimwe tena; ikibaki hapo bila dalili nyingine, aende zahanati siku hiyo hiyo. Ikiwa pamoja na kichwa kinachopasuka, kifua kubana, au macho kupoteza nuru, hiyo ni safari ya hospitali. Vilevile uso ukipinda, mkono mmoja ukilegea au maneno yakikokoteka, hata kama vimetokea kwa robo saa kisha vikaisha.

Safari hiyo ipangwe sasa, mama akiwa mzima. Nani ana boti ya mashine? Mafuta yanakaa kwa nani? Usiku maji yakiwa yamepwa, anabebwa kwa njia gani mpaka penye kina? Nani anapokea Nyamisati? Andika majina na namba zao, weka fedha ya mafuta kwa mtu mmoja mnayemwamini, zisiguswe kwa jambo lingine. Nchi yetu inajua kufanya hili. Mpango wa m-mama unawabeba wajawazito na watoto wachanga kwa namba 115, ukitumia madereva wa huko huko kijijini pale gari la wagonjwa linapokosekana, nao hulipwa kwa simu wakimfikisha mgonjwa. Nimeona kazi yake, na ninatamani kwa moyo wote mlango huo ufunguliwe kwa mzee aliyepigwa na kiharusi. Madereva ni wale wale na barabara ni ile ile.

Kuna pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa nao 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Muulize mtendaji kama kijiji chenu kimepata. Kama yupo, mtambulishe kwa mama kwa jina, na umwombe asiishie kwa wajawazito na watoto, apite na kwa bibi kila wiki, aone miguu, ahesabu vidonge. Vidonge vikihesabiwa Ijumaa utajua mapema kama wiki ijayo vitakwisha, badala ya kusubiri mtu anayekwenda. Weka akiba ya miezi miwili kabla ya masika. Mnakumbuka 2024: mafuriko ya Rufiji mwezi Aprili, na Mei kikaja kimbunga Hidaya. Nyumba nyingi za wazee zilibaki na bahasha tupu za dawa.

Sasa wajukuu. Hukusema umri wao, ila naomba nikuulize: anayemwogesha bibi, kumchotea maji na kumkumbusha dawa ni msichana wa miaka mingapi, na shule anakwenda? Nimekutana na watoto wa miaka 13 wanaolea wazee peke yao, wamechoka kama watu wazima. Kama ndivyo, tafuteni mama mmoja jirani mumlipe kila mwezi kwa kazi hiyo, mwezi kwa mwezi, kama mshahara. Wewe na kaka zako mkichanga mtaona ni chini ya mnachotumia kwenye safari moja ya dharura. Kaka wanaosema mama ahamie kwako wana nafasi nzuri hapa ya kusaidia. Zanzibar tangu 2016 wanawapa wazee wa miaka 70 pensheni ya kila mwezi, ilianza na shilingi 20,000, na wazee wa huko wameniambia faida kubwa ni kulipa nauli bila kumwomba mtu. Mama naye apewe fedha kidogo mkononi mwake, iwe yake.

Na kama hata baada ya haya mtaona hawezi tena kukaa peke yake, amesahau moto jikoni, hatambui njia ya kwake, au kiharusi kimempiga, basi mlete, ila mlete kwenye nyumba yenye mtu mchana. Nimetibu wazee wengi walioletwa Dar kwa mapenzi wakafungiwa chumbani kuanzia saa kumi na moja asubuhi mpaka usiku kwa sababu kila mtu yuko kazini. Wanaacha kutembea, wanaacha kula, ndani ya mwaka miguu imekwisha. Kule kwao mama anaamka, anakagua minazi, anabishana na wauza kaa, anakwenda msibani. Hayo yanamtembeza zaidi ya mazoezi yoyote nitakayomwandikia.

Picha za dawa zikifika, nitumie. Andika pia bamvua ya mwezi ujao inaanguka tarehe ngapi kwenu, tupange safari yake nje ya siku hizo.